Meno ya baketi ya trekta dogo: ufunge upau, uchomelee mdomoni, au utengeneze baketi mpya?

Mzee mmoja wa Ganda, huku Malindi, alinijia karakana na baketi ya trekta lake juu ya mkokoteni, vijana wawili wakisukuma kwa nyuma. Salamu hazijesha, akaipiga teke ile baketi mdomoni.

"Mwanangu, hii haiumi. Nitilie meno."

"Yatafune nini, mzee?"

Akacheka, kisha akahesabu kwa vidole: visiki vinne vya minazi shambani, mchanga wa kupakia, na uwanja wa nyumba ya mwanawe unaotaka kusawazishwa kabla ya harusi. Kazi tatu. Ya kwanza meno yanaisaidia hasa. Ya pili hayaongezi kitu, maana mchanga unaingia wenyewe. Ya tatu yanaiharibu: uwanja utabaki na mifereji kama umepitiwa na jembe la ng'ombe. Kwa hiyo kabla hatujazungumza chuma wala rodi za kuchomelea, swali lilikuwa kama anataka meno yasiyong'oka au meno ya kuvaa na kuvua.

Ninayoyaandika hapa ni kwa mwenye trekta dogo, la nguvu za farasi 20 hadi 40, lenye loda ya mbele, yaani mikono miwili inayobeba na kukunja baketi. Njia zilizo mbele yake ni tatu: kutengeneza upau wa meno unaofungwa kwa bolti juu ya mdomo wa baketi aliyonayo, kuchomelea meno moja kwa moja kwenye mdomo huo, au kununua pleti na kuunda baketi nyingine kabisa. Zote tatu nimezifanya, na moja nimeijutia.

Nguvu ni ileile, inabadilika pa kugusa

Loda ya trekta dogo haina ubavu wa bakho, ile mashine kubwa ya kuchimba mitaro. Tuseme silinda zake za kukunja baketi zinasukuma mdomo kwa nguvu ya kilo 800. Mdomo mtupu wa sentimita 150 unaigawa nguvu hiyo kwa urefu wake wote, kila sentimita ikapata kilo 5 na ushei. Weka meno saba yenye ncha za sentimita 4, na nguvu hiyohiyo inakutana na ardhi kwenye sentimita 28 tu. Sasa kila sentimita ina zaidi ya kilo 28. Aliyewahi kulima kiangazi kwa jembe uma hahitaji hesabu hii. Anajua kuwa pale jembe bapa linaporuka, uma unaingia.

Ila ncha zikishazama, baketi nzima inazifuata, na hapo upana ndio unaokula nguvu. Jambo hili wateja wengi hawalitaki kulisikia. Wanataka baketi pana yenye meno mengi, kwa sababu ndiyo wanayoiona kwenye mitambo mikubwa ya barabara. Trekta la farasi 30 likipewa mdomo wa mita moja na nusu kwenye udongo mgumu, magurudumu ya nyuma yanaanza kuchimba kabla ya baketi kuchimba.

Na udongo wetu huku Malindi si mmoja. Mchanga wa kingo za Mto Sabaki hauhitaji jino lolote. Udongo mwekundu wa upande wa Magarini ukiwa na unyevu unakatika vizuri na mdomo mtupu, lakini jua likishaupiga miezi miwili unakuwa sakafu, na hapo meno yanalipa gharama yake. Halafu kuna matumbawe. Ukishuka kuelekea Gede na Watamu, udongo ni wa kina kidogo tu, chini yake mwamba uleule wa matumbawe uliojenga misikiti na nyumba za Gede ya kale. Jiwe hili lina tabia yake: likiwa bado chini ya ardhi ni laini kiasi cha kukatwa kwa zana za mkono, likikaa kwenye hewa linakuwa gumu. Meno yatang'oa vipande vilivyolegea na yale yaliyofunikwa. Yale yaliyotokeza juu na kuoshwa na mvua miaka na miaka, achana nayo. Hapo unavunja meno, na ukibahatika meno yakasalimika, unapinda mikono ya loda.

Upau wa meno wa kufunga kwa bolti

Chukua pau bapa ya upana wa milimita 100 na unene wa 16, ikate ikae kamili baina ya kuta mbili za baketi. Kwa baketi ya sentimita 150, pau hiyo peke yake ni kilo 19 hivi. Juu yake chomelea meno saba, na kila mwisho simamisha sikio la pleti litakalolala kwenye ukuta wa baketi kwa ndani. Toboa matundu mawili kila upande, tia bolti za M16, yaani za kipenyo cha milimita 16. Jumla, pamoja na meno na masikio, inafika kilo 34.

Siri ya upau haiko kwenye bolti. Bolti kazi yake ni kuushika upau usiruke. Kazi ya kusukuma lazima ibebwe na mdomo wenyewe wa baketi, kwa hiyo chini ya kila jino chomelea kipande kidogo cha pleti kitakachoegemea ukingo wa mdomo kwa mbele, kama kidole kilichoshika ukingo wa meza. Ukiliacha hili, mzigo wote unaenda kwenye bolti nne, na baada ya wiki utaona matundu ya duara yamekuwa ya yai. Hizo bolti nazo ziwe zilizoandikwa 8.8 kichwani. Bolti ya 4.6 inaanza kunyooka kwenye nguvu ambayo ya 8.8 inaistahimili mara mbili na zaidi, na kwa macho zinafanana kama mapacha.

Faida ya upau ni kwamba unaufungua ukitaka. Dakika 15, spana mbili, na baketi imerudi kuwa laini ya kusawazisha uwanja. Faida ya pili watu hawaifikirii: baketi nyingi za matrekta madogo zina mdomo mwembamba, na upau wa milimita 16 ukilala juu yake unaukaza. Mdomo uliokuwa umeanza kupinda unanyooka na kutulia.

Kasoro zake ni mbili. Udongo wa mfinyanzi unajikusanya baina ya upau na sakafu ya baketi, na ukikauka humo unaubandua kwa nyundo. Pia bolti zinalegea, hasa siku ya kwanza. Zikaze tena baada ya saa moja ya kazi. Kwa sisi tulio karibu na bahari kuna hili pia: nati ikikaa miezi sita bila kuguswa, chumvi inaigandisha na utaikata kwa grinda. Paka grisi uzi wake kabla ya kufunga.

Kuchomelea moja kwa moja

Hii ndiyo njia ya bei nafuu, na ndiyo inayoombwa zaidi. Meno saba ya pleti ya milimita 20, kila moja urefu wa sentimita 20 na upana wa 5, yana uzito wa kilo 11 jumla. Nusu siku umemaliza.

Kabla ya kukubali, huwa napima unene wa mdomo. Ukiwa chini ya milimita 12, au ukiwa ni karatasi ileile ya sakafu iliyokunjwa tu bila pleti ya kukatia, nakataa. Jino lililotokeza sentimita 10 mbele ni wenzo. Likikwama chini ya mzizi na wewe ukakunja baketi, linaupinda mdomo kwenda juu mahali pale tu lilipochomelewa, na jirani yake linaupinda pengine. Nimeona baketi iliyorudi na mdomo wenye mawimbi kama ukingo wa chapati iliyoungua. Hata ukiyakata meno yote, mdomo ule hausawazishi tena kitu.

Kasoro nyingine ni ya chuma chenyewe. Mdomo wa kiwandani mara nyingine ni chuma kilichotiwa ugumu, si pleti ya kawaida. Ukikichomelea kikiwa baridi, ufa unaanza pembeni ya weldi na kutembea kuelekea ndani. Ukishaamua kuchomelea, basi usiipeleke weldi mpaka ukingo wa mbele kabisa wa mdomo. Isimamishe sentimita 2 kabla. Nyufa hupenda kuanzia pale weldi inapoishia kwenye ukingo mkali.

Njia hii naikubali kwa mtu mmoja tu: mwenye baketi mbili, ya zamani akaitoa kafara iwe ya kuchimbia, nzima akabaki nayo kwa kazi nyingine.

Baketi mpya, na kwa nini iwe nyembamba

Hapa ndipo mafundi tunapopenda kujionyesha, na ndipo pesa ya mteja inapopotea kwa urahisi. Watu wengi wanaunda nakala ya baketi ya kiwandani, upana uleule, pleti nene zaidi, kisha wanashangaa trekta halinyanyui.

Twende na hesabu. Loda moja ndogo tuseme inanyanyua kilo 400 kwenye pini zinazoshika baketi. Baketi ya kiwandani ina kilo 100. Naunda baketi ya sakafu ya sentimita 45, mgongo wa 40 na paa la 20, yote pleti ya milimita 6, ambayo mita moja ya mraba ni kilo 47. Natia mdomo wa pleti ya milimita 16, masikio manne ya milimita 12, meno. Uzito unaobaki kwa mzigo ni huu:

| Njia | Chuma unachonunua | Kinachobaki kubebwa kati ya kilo 400 |
|---|---|---|
| Upau wa bolti juu ya baketi ya zamani | kilo 34 | kilo 266 |
| Meno yaliyochomelewa mdomoni | kilo 11 | kilo 289 |
| Baketi mpya, sentimita 150 | kilo 150 | kilo 250 |
| Baketi mpya, sentimita 120 | kilo 130 | kilo 270 |

Safu ya mwisho ukiitazama juu juu utasema tofauti ni ndogo. Sasa jaza mchanga. Baketi ya 150 niliyoieleza inameza karibu lita 195, na mchanga mkavu wa kilo 1,600 kwa mita ya ujazo unafanya kilo 312. Loda imebakiwa na nguvu ya kilo 250. Haitoki. Ile ya 120 inameza lita 156, ambazo ni kilo 250, na loda ina 270. Inatoka, kwa tabu kidogo, maana mzigo unakaa mbele ya pini na si juu yake. Mchanga ukiwa umelowa hata hii usiijaze pomoni. Kwa ufupi, ile pana kila safari utaijaza nusu, na bado umeilipia chuma cha ziada cha kilo 20.

Na turudi kwenye meno: mdomo wa 120 unachukua meno sita, nafasi ya sentimita 23 katikati ya jino na jino. Kilo 800 zilezile sasa zinagawanywa kwa sentimita 24. Ni kilo 33 kwa kila sentimita, na udongo wa kusukumwa nyuma ya meno umepungua kwa sehemu moja ya tano.

Kuna bei ya wembamba huu. Ukitaka kuchimba ukiingia, yaani trekta likanyage pale ilipopita baketi, baketi lazima izidi upana wa magurudumu ya mbele. Pima kutoka nje ya tairi moja hadi nje ya nyingine kabla ya kukata pleti. Kama ni sentimita 125, baketi ya 120 itakuachia kingo mbili ambazo magurudumu yatazipanda na trekta litainua pua. Kwa visiki, kwa lundo la kifusi, kwa kung'oa vichaka vya mathenge, hilo halina shida. Kwa kuchimba bwawa la samaki, shida ipo.

Karatasi ya futi 4 kwa 8, milimita 6, ina kilo 140 na inatosha baketi ya 120 na kubakisha nusu ya karatasi nzima. Kwa kuwa upana wa karatasi ni sentimita 122, mkato wa baketi hii unatoka karibu bila taka, na ile nusu inayobaki inatoa kuta na vipande vya kuimarisha. Pleti nene za mdomo na za meno huwa nazitafuta Mombasa, kilomita 120 hivi, au kwa wauzaji wa vyuma chakavu. Hawa wa vyuma chakavu chukua risiti na hakikisha wana leseni. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inaidai, na tangu serikali iisimamishe biashara hiyo kwa muda Januari 2022 kwa sababu ya nguzo za umeme zilizokuwa zikiibwa, askari akikuta pleti nzito karakanani lazima aulize imetoka wapi.

Jino la springi, jino la pleti, jino la dukani

Njia yoyote utakayoichagua, jino ndilo litakaloamua kama utanisifu au utanisema barazani.

Upau wangu wa kwanza kabisa niliutilia meno ya springi ya gari la matatu. Chuma cha springi ni kigumu, kinapatikana, na kila mtu alinishauri hivyo. Nikakata, nikachomelea na rodi za 6013 zilizokuwa wazi juu ya rafu toka mvua za masika, na kwa kuwa mwenye kazi alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa, nikaumwagia maji upoe haraka. Upau ukaenda Mambrui. Siku ya nne ukarudi na mapengo manne. Yule bwana hakusema kitu. Aliyapanga meno yaliyokatika juu ya benchi langu, moja moja, kama mtu anayehesabu chenji iliyopungua.

Weldi zote zilikuwa nzima. Meno yalikuwa yamekatika milimita chache pembeni ya weldi, na sehemu iliyokatika ilimetameta chembechembe kama sukari. Springi ina kaboni ya asilimia 0.6 hivi, pleti ya kawaida haizidi sana 0.2. Chuma chenye kaboni nyingi kikipata moto wa weldi kisha kikapoa ghafla, ile sehemu iliyopata moto inakuwa ngumu kama gilasi, na gilasi haipindi, inavunjika. Maji niliyomwaga yalimaliza kazi. Unyevu uliokuwa kwenye rodi nao uliingiza hidrojeni ndani ya chuma, ambayo inatafuta njia ya kutoka na kuacha nyufa usizoziona.

Springi inafaa, lakini kwa masharti. Ipashe moto kwanza ifike nyuzi 200 hadi 300. Mimi natumia tone la maji: kwenye chuma cha moto wa kawaida linatokota na kukauka papo hapo, kikipita nyuzi 200 tone linakuwa duara na kukimbia huku na huku juu ya chuma kama shanga. Likianza kucheza hivyo, anza kuchomelea. Tumia rodi za 7018, na zitoke kwenye pakiti iliyofungwa siku hiyohiyo, kwa sababu hewa ya pwani, wakati wa kusi hasa, inazilowesha upesi. Ukimaliza zika kazi yote kwenye jivu kavu au mchanga mkavu hadi kesho yake. Kama mteja hana subira ya kungoja kesho, usimtilie springi.

Pleti ya kawaida ya milimita 20 ni laini zaidi, inakwisha ncha, lakini haikatiki. Inapinda, unaipasha moto, unainyoosha. Ncha ikishakuwa butu unaiongezea kwa rodi za kutia ugumu, mistari miwili mitatu juu ya ncha. Kwa mwenye shamba anayechimba wikendi, naona hili ndilo jino la kuchagua. Aibu yake ni kwamba halina sifa. Ukimwambia mtu umetia pleti tu, anakuona fundi wa juzi.

Meno ya dukani, yale ya bakho, yana vipande viwili: kiatu kinachochomelewa na ncha inayovishwa juu yake na kushikwa kwa pini. Ncha ikiisha unagonga pini, unavisha nyingine bila kuwasha mashine ya weldi. Ni mazuri mno kwa anayekodisha trekta kila siku. Shida ni ukubwa. Yaliyotengenezwa kwa mashine kubwa ni mazito na mapana, na ukiyapanga saba kwenye mdomo wa trekta dogo umerudi kulekule tulikokimbia: uzito umeongezeka na ncha zimekuwa butu kwa nguvu ya kilo 800. Ukiyatumia, tafuta yale madogo kabisa na uyapunguze yawe matano.

Nondo usiniletee. Nimeona baketi zilizotiwa vipande vya nondo ya milimita 25 zikionekana kali kweli kweli siku ya kwanza, na jioni zimelala zote upande mmoja kama mashuke ya mtama baada ya upepo.

Mambo ya karakana yanayofanana kwa njia zote

Baketi ichomelewe ikiwa imetolewa kwenye trekta. Ikishindikana, fungua nyaya za betri na ubane klempu ya eathi kwenye chuma kilekile unachokichomelea, karibu na weldi, ili umeme usitafute njia kupitia beringi na silinda. Mabomba yaliyopakwa zinki usiyatumie kukazia mgongo wa baketi bila kuisaga zinki yote. Moshi wake unaleta homa ya usiku mmoja ambayo utaidhania malaria.

Meno yaelekee mbele sawa na sakafu ya baketi. Ukiyainamisha chini, kila unaposhusha baketi yanajichimbia na kuinyanyua pua ya trekta. Yale mawili ya mwisho yakae pembeni kabisa yalinde kona, kwa sababu kona ndiyo inayoliwa kwanza.

Na nyuma ya trekta weka uzito. Nusu ya pipa la lita 200 iliyojazwa zege ina kilo 240 hivi. Ikifungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma ya kufungia zana, magurudumu yanakanyaga na meno yanapata kitu cha kusukumia. Meno bila uzito wa nyuma ni kama kumpa mtu mwembamba nyundo ya kilo nane.

Njia ya nne ambayo hukuniuliza

Kama ardhi yako ni ngumu kweli, huenda huhitaji meno ya mbele hata kidogo. Jino moja refu la kupasulia udongo, linalovutwa na mikono mitatu ya nyuma, linaweka nguvu yote ya trekta kwenye ncha moja. Tena trekta linavuta vizuri kuliko linavyosukuma kwa loda, na mvuto haupiti kwenye silinda nyembamba wala mikono ya loda. Unapasua mistari kwa nyuma, unageuka, unazoa kwa baketi laini. Kwa udongo mwekundu uliokauka naipendelea njia hii kuliko upau, ingawa ukimtengenezea mtu jino moja karakana haipati kazi kubwa. Kwa visiki na mizizi haifai, inakwama.

Basi uchague nini

Mwenye baketi moja na kazi za kuchanganya, atengeneze upau. Sina shaka hapo. Atumie pleti ya 20 kwa meno, bolti za 8.8, na vile vidole vya kushika ukingo asivisahau. Mwenye baketi ya pili iliyochakaa, mdomo wake ukifika milimita 12, achomelee. Mwenye kazi ya kila siku ya kung'oa, anayelipwa kwa saa, huyo aunde baketi ya sentimita 120 na ainunulie meno madogo ya pini. Baketi mpya ya sentimita 150 sijapata mtu wa kumshauri aitengeneze, na ukija na picha yake kwenye simu nitakurudisha kwenye ile hesabu ya mchanga.

Jinsi ya kuendesha nayo ina uzito wake. Usisukume huku baketi imeinamishwa chini kabisa. Silinda zinakuwa zimetoka zote na vyuma vyake vinapinda kama mshumaa juani. Usikwamishe jino la pembeni peke yake kwenye kisiki ukakazana. Unaipindisha loda nzima. Mnazi hauna mzizi mkuu, una mizizi mingi myembamba inayotoka kitako chake pande zote, kwa hiyo mzunguke: kata kwa meno ya katikati upande huu, rudi nyuma, kata upande ule, mpaka kitako kilegee. Mwenye haraka anauingilia uso kwa uso na kurudi kwangu na loda iliyopinda.

Yule mzee wa Ganda alichukua upau. Siku ya kuujaribu alinipigia simu akasema kisiki cha kwanza kimetoka kwa dakika 40, na cha pili kinamtukana. Nilipopita kwake wiki ya harusi uwanja ulikuwa umelala kama meza, na upau umening'inizwa kwenye tawi la mwembe kwa kamba ya katani, meno yakitazama chini. Bolti zake nne zilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, zimelowekwa kwenye oili chafu. Visiki vilikuwa vimebaki viwili.